Tembo Ndani ya Kibweta

"Mjomba, hawa watu wote wameingiaje humu?"

Mpwa wangu aliuliza hivyo akiwa amepiga magoti mbele ya redio kaseti yangu. Jicho moja kalifumba, jingine kalibandika kwenye matundu ya spika. Nilikuwa nimemwambia kwamba wanaopiga muziki ule wanaweza kufika watu 80. Akaanza kuhesabu matundu.

Swali zuri, mama. Swali zuri kabisa! Mimi nimekaa na redio hii miaka na miaka, sijawahi kuipigia magoti nikaiuliza. Basi njoo mkekani. Na wewe unayesoma, sogea hapa. Mkeka ni mpana.

Kwanza mjue huyu mzee. Redio yangu ni nyeusi. Mkono wake umevunjika, antena yake imefungwa kwa uzi wa fundi viatu. Ina spika moja tu, upana wake kama mfuniko wa kopo la maziwa ya unga. Nilipoipata ilikuwa imeshazeeka.

Na kaseti? Kaseti nilipewa na koti. Unacheka! Nilikuwa natoka hapa Tanga kwenda Lushoto, na Lushoto kuna baridi, nikanunua koti la mtumba. Kutia mkono mfukoni, nikagusa kitu kigumu. Kaseti. Haina jina, karatasi yake imebanduka. Upande wa kwanza ulikuwa na muziki. Upande wa pili kulikuwa na bwana mmoja anafundisha Kijerumani kwa sauti ya usingizi.

Muziki wenyewe ulianza kwa kubisha hodi. Ko-ko-ko-kooo! Mara tatu fupi, mara moja ndefu. Kama mgeni asiyengoja aambiwe karibu. Niliupenda siku hiyohiyo. Miaka ilipita kabla mwalimu mmoja hajausikia akipita dirishani, akasimama, akaniambia: huo ni wa Ludwig van Beethoven, Mjerumani aliyezaliwa Bonn mwaka 1770. Unaitwa Simfoni ya Tano.

"Simfoni ni nini, Mjomba?"

Ni hadithi ndefu isiyo na maneno. Hii ina sehemu nne, na yote inachukua nusu saa na ushei. Wanaoisimulia ni okestra. Umewahi kuona uani kwetu siku ya harusi? Fikiria uani umejaa wapigaji. Mbele fidla, nyingi, kama shule iliyopanga mstari. Kando yake selo, ambazo ni fidla zilizokua zikashindwa kubebwa begani. Nyuma ya selo kuna dabo besi, ndefu kuliko baba yako. Katikati filimbi na wenzake. Nyuma tarumbeta na tromboni. Na nyuma kabisa ngoma za shaba, duara, kama masufuria ya pilau ya shughuli.

Mbele ya wote anasimama kiongozi mwenye kijiti. Wazungu humwita kondakta. Usimchanganye na yule wa daladala. Huyu hadai nauli, na hampandishi mtu juu ya mtu.

Sasa turudi kwenye swali lako. Hawa wote wameingiaje humu? Mimi sijui kujibu vizuri kama spika yenyewe. Weka kidole hapa. Taratibu. Unasikia nini?

"Inatetemeka, Mjomba!"

Ehe. Sasa isikilize inavyosema.

"Mimi ni karatasi," ilisema spika. "Karatasi iliyoviringwa mfano wa faneli. Mgongoni nina waya uliosokotwa, na nyuma ya waya kuna sumaku. Umeme ukija, nasukumwa mbele. Umeme ukigeuka, navutwa nyuma. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Fidla ikilia, mbele, nyuma. Ngoma ikilia, mbele, nyuma. Na wakilia wote pamoja? Mbele, nyuma vilevile, ila mwendo unakuwa umechanganyika. Sina fidla tumboni. Sina ngoma. Nina kutikisika tu."

"Kama ngozi ya ngoma!"

Umejuaje? Akili hiyo! Ndiyo, ni kama ngozi ya ngoma, ila hii imejifunza kuiga kila sauti. Na usishangae kwamba kitu kimoja kinaweza kubeba sauti za watu 80. Ndani ya kila sikio lako pia kuna ngozi nyembamba. Moja tu. Siku ile ya harusi ulisikia ngoma, ukasikia vigelegele, ukasikia masufuria yanagongana, ukasikia na mtoto wa jirani analia. Vyote vilipita kwenye ngozi ileile, kwa wakati uleule, na wewe ukavitenga kimoja kimoja.

Kwa hiyo watu hawakuingia ndani ya redio. Kilichoingia ni mtikisiko wao. Spika inatikisa hewa, hewa inatikisa ngozi ya sikio, na wewe unasema: aa, hiyo ni fidla.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali gumu zaidi.

"Basi mbona dabo besi haisikiki?"

Ona huyu mtoto! Nilikuwa natumaini halitaulizwa.

Haisikiki kwa sababu spika yetu ni ndogo. Waya mnene kuliko zote wa dabo besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Huo ni mtetemo wa polepole. Sauti yake ikisafiri hewani, wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 8. Toka mlango wa mbele, pita sebuleni, pita ukumbini, tokea uani, hapo ndipo wimbi moja linapoishia. Kulisukuma wimbi kama hilo kunataka kusogeza hewa nyingi.

Umemwona mama yako akisonga ugali? Anatumia nini?

"Mwiko."

Akitumia kijiti cha kuchokolea meno?

Alicheka mpaka akalala chali. Basi ndivyo ilivyo. Sauti nzito ni ugali. Spika ndogo ni kijiti. Inachokoa, inachokoa, hewa inaiteleza pembeni, ugali hausogei. Na spika ya simu ya mama yako, ambayo ni kama punje ya harage, hiyo haichokoi hata uji. Ndiyo maana ukiufungua muziki wa okestra kwenye simu, unasikia filimbi na fidla zinalia kama chiriku, na tembo wote, zile sauti nzito, wamepotea.

Lakini hapa pana siri. Mimi siri hii huipenda kuliko zote.

Kila sauti ya waya au ya koo ina familia. Tuseme mama wa familia anatetemeka mara 100 kwa sekunde. Hatembei peke yake. Ana mtoto anayetetemeka mara 200, na mwingine mara 300, na mwingine mara 400, wamefuatana kwa mpangilio. Sauti ya chini kabisa, ile nzito, ni ya mama. Sasa mlango wa spika ndogo haumpitishi mama. Unapitisha watoto tu. Watoto wanafika sikioni mwako, 200, 300, 400, wamepanga mstari uleule. Sikio linawatazama, na akili inasema: hawa watoto nawajua. Mama yao yuko karibu.

Nawe unamsikia mama! Hayupo, lakini unamsikia.

"Mjomba, unanidanganya."

Sikudanganyi. Babu yako alipokuwa akipiga simu, zile za mezani za zamani, waya ulikuwa unapitisha mitetemo kuanzia kama 300 hadi 3,400 tu kwa sekunde. Sauti ya babu, unaijua ilivyokuwa nzito, mama wa familia yake alikuwa chini sana ya hapo. Aliachwa mlangoni mwa simu. Je, bibi yako aliwahi kusema, "Mume wangu amegeuka mtoto mdogo"? Hata siku moja. Alimsikia mume wake na uzito wake wote. Watoto walipita, bibi akamwona mama yao.

Basi ndivyo tunavyosikiliza dabo besi kwenye redio ya Mjomba. Redio inaleta watoto. Wewe unamleta mama. Si kwa kila sauti, na si kwa nguvu ile ya kutikisa kiti, lakini anakuja. Ukitaka aje, nyamaza na umngoje.

Sasa nikusimulie kosa langu. Usimwambie mtu.

Nilikuwa nikiisikiliza kaseti ile kila jioni. Sehemu ya kwanza, hodi hodi. Sehemu ya pili, mwendo wa pole, kama watu wanatoka ibadani. Sehemu ya tatu inaanza kwa kunong'ona, kisha inapata nguvu, kisha inarudi kunong'ona. Inanong'ona. Inanong'ona. Kisha kimya. Nami nasema, haya, umekwisha. Nabonyeza kitufe, nageuza kaseti, namkuta bwana wa Kijerumani. Nilikuwa nikiona ni mwisho wa ajabu kidogo, kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Lakini nikasema labda ndiyo desturi yao.

Miezi ikapita hivyo.

Jioni moja nilikuwa nakanda unga wa chapati. Mikono yote miwili imezama kwenye beseni. Muziki ukafika pale pa kunong'ona. Nikataka kusikia wanasema nini, nikasukuma kitufe cha sauti kwa kiwiko. Bado kunong'ona. Kimya. Mikono ina unga, siwezi kugeuza kaseti. Basi nikaacha izunguke.

Ikazunguka. Nikakanda. Kwa mbali sana nikadhani nasikia kitu, kama mtu anagonga ukuta wa nyumba ya tatu kwa kidole. Du. Du. Du. Nikainua kichwa.

Mara pwaaa! Tarumbeta! Tromboni! Ngoma zote! Beseni likaruka, kuku wa jirani wakatawanyika, jirani mwenyewe akapiga kelele ukutani: "Kuna nini huko?" Na mimi nimesimama katikati ya jikoni, unga mpaka kwenye nyusi, nasikiliza sehemu ya nne kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Kumbe haukuwa umekwisha. Kumbe sehemu ya tatu na ya nne zimeunganishwa bila kituo. Kile nilichokiita kimya ni nyuzi zinazodonolewa kwa ncha za vidole, kisha ngoma inagongwa polepole sana, zaidi ya dakika nzima ya kunong'ona, ndipo mlango unafunguka. Na tromboni zile, sikiliza hii, katika simfoni nzima hazipigi hata mara moja mpaka hapo. Wapigaji wake wamekaa zaidi ya dakika 20, chombo mapajani, wanangoja.

"Hawasinzii?"

Mimi ningesinzia.

Basi huo ndio upungufu wa pili wa nyumba zetu. Wa kwanza ni tembo asiyepita mlangoni. Wa pili ni mnong'ono usiosikika. Okestra inajua kunong'ona kama sisimizi na inajua kunguruma kama lori la mchanga. Ukumbini watu wananyamaza, sisimizi anasikika. Nyumbani kuna feni. Kuna friji inayokoroma. Kuna bodaboda, kuna jogoo asiyejua saa, kuna anayetwanga kisamvu. Sisimizi wetu anakanyagwa.

Nilijaribu kuongeza sauti. Sisimizi akasikika, lakini lori lilipokuja, jirani alikuja nalo. Nikapunguza. Jirani akarudi kwake, sisimizi akapotea. Ongeza, punguza, ongeza, punguza, mpaka kitufe kikalegea. Mwisho nikafanya jambo moja jepesi ambalo sijui kwa nini halikunijia mapema. Sikuongeza sauti ya redio. Nilipunguza sauti ya nyumba. Nikangoja usiku, nikazima feni, nikafunga dirisha la barabarani. Nikapima sauti kwa ile sehemu ya kishindo, iwe inavumilika, kisha sikugusa kitufe tena. Nikakaa karibu. Du, du, du, nikaisikia.

Na redio niliihamisha. Ilikuwa juu ya meza katikati ya chumba, nikaisogeza kwenye kona, mgongo kwa ukuta. Ukijaribu, utashangaa. Kuta mbili zinaikusanya sauti nzito na kuirudisha kwako, kama viganja viwili mdomoni unapoita mtu shambani. Bure kabisa, hununui kitu.

Siku hizi wako wanaouza hedifoni, na hizo kweli zinaleta tembo karibu, kwa kuwa zinakaa mlangoni mwa sikio na hazihitaji kusogeza hewa ya chumba kizima. Nzuri. Ila usiziongeze sauti kupita kiasi. Spika ikichanika fundi yupo. Sikio likiharibika, fundi hayupo.

Mpwa wangu akaniambia ana njia yake. Wapi aliiona, sikumuuliza. Alikwenda jikoni, akarudi na chungu cha bibi, kile cheusi cha mchuzi wa samaki. Akafungua muziki kwenye simu ya mama yake, akaitumbukiza simu chunguni.

Wallahi, sauti ikakua! Ikatoka nene, ikajaa chumba. Mtoto akaruka. Nami nikaruka, na umri wangu huu. Lakini tulipokaa kusikiliza, tukaona kitu. Fidla ilikuwa na sauti ya chungu. Filimbi ilikuwa na sauti ya chungu. Hata ile hodi ilibishwa chunguni.

"Ndiyo, ni mimi," kilisema chungu. "Nina tumbo na nina mdomo, na kila tumbo lina sauti linayoipenda. Ile ninayoipenda naikuza, ile nisiyoipenda naiacha. Siwezi kusema maneno ya mtu bila lafudhi yangu. Ulitegemea nini? Mimi ni chungu."

Chungu hakina kosa. Kila kitu kinachobeba muziki kina lafudhi yake. Hata sebule yetu ina lafudhi. Sauti ikigonga ukuta mtupu inarudi kavu, pa! Ukitandika mkeka na kutundika pazia, inatulia. Na kumbi kubwa zina lafudhi zao. Ule ukumbi maarufu wa Vienna uitwao Musikverein, uliofunguliwa mwaka 1870, watu husifu jinsi sauti inavyobaki hewani kidogo baada ya wapigaji kuacha, kama harufu ya udi baada ya chetezo kuondolewa. Sebuleni kwangu inabaki harufu ya mchuzi. Nayo si mbaya.

Na kwa kuwa tumetaja chungu, nikukumbushe mtu. Kule Fumba, Unguja, alikuwako msichana aliyekuwa akitembeza vyungu mjini kuuza. Akiviuza kwa sauti yake, watu wakasimama kumsikiliza. Jina lake Siti binti Saad. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake mpaka Bombay, India, kurekodi nyimbo kwenye sahani za santuri. Muziki wa taarabu unaweza kuchukua usiku kucha. Uso mmoja wa sahani ulikuwa unabeba kama dakika tatu. Tatu! Wimbo uliozoea kutembea bila haraka ulibidi uingie kwenye sahani kama mtu mzima anayevaa kanzu ya mtoto. Na sauti ilitoka na mikwaruzo, krrr, krrr, kama mtu anakaanga vitunguu. Watu walikaa kwenye mikahawa wakasikiliza. Hawakusema, "Hii mikwaruzo." Walisema, "Huyu Siti."

"Na Beethoven naye alikaangwa?"

Alikaangwa sana! Mwaka 1913 okestra kubwa ya Berlin, ikiongozwa na Arthur Nikisch, ilirekodi Simfoni ya Tano nzima. Wakati huo hapakuwa na maikrofoni ya kurekodia. Palikuwa na pembe kubwa ya bati. Wapigaji walijibana mbele ya pembe kama abiria mlangoni mwa basi la mwisho, wakapiga, sauti ikaingia kwenye pembe, ikatikisa sindano, sindano ikachora nta. Basi. Hakuna umeme. Pembe zile hazikuwa zikiisikia dabo besi vizuri, na mara nyingi katika rekodi za siku hizo dabo besi ilitolewa, akawekwa bwana wa tarumbeta nene liitwalo tuba. Unaona? Tembo alikuwa anapotea tangu zamani. Si kosa la redio yangu peke yake.

Simfoni ile ilijaa nyuso nane za sahani. Unasikiliza kama dakika nne, unasimama, unageuza. Dakika nne, unageuza. Mimi niliyegeuza kaseti bure nawaelewa watu wale.

Maikrofoni za umeme zilianza kutumika kurekodi sahani mwaka 1925. Mwaka 1948 zikaja sahani za kuzunguka polepole, zaidi ya dakika 20 kila uso. Mwaka 1982 zikaja sidii. Sasa nusu saa ya Beethoven inakaa kwenye simu pamoja na picha za shangazi zako.

"Na kabla ya pembe?"

Kabla ya pembe, mama, aliyetaka okestra nyumbani hakuwa na redio wala sahani. Huko Ulaya, mwenye kinanda alinunua karatasi zilizoandikwa simfoni kwa ajili ya kinanda kimoja na watu wawili. Wanakaa benchi moja, dada na kaka, mikono minne. Tarumbeta, vidole. Ngoma, vidole. Watu wengi walizijua simfoni kwa njia hiyo, hawajawahi kuona hata tromboni moja. Okestra nzima ndani ya sanduku moja la mbao. Kumbe kibweta ni cha zamani!

Na ukirudi nyuma kabisa, unafika tarehe 22 Desemba 1808, Vienna, usiku wa baridi. Siku hiyo simfoni ile ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza. Palikuwa na muziki mwingine mwingi wa Beethoven, ukumbi ulikuwa wa baridi kali, na watu walikaa humo kwa saa kama nne. Wapigaji hawakuwa wamefanya mazoezi ya kutosha. Katika kipande kimoja cha usiku ule walipoteana, wakalazimika kusimama na kuanza upya. Hao ndio waliokuwa ukumbini, na okestra kamili, na tembo wote! Mimi jikoni kwangu, na unga wangu, nadhani nilisikia vizuri kuliko baadhi yao.

Lakini subiri. Yupo aliyekuwa na redio mbovu kuliko yangu. Ni Beethoven mwenyewe.

"Kwa nini?"

Masikio yake yalikuwa yanakufa. Yalianza kumsumbua akiwa kijana. Mwaka ule wa 1808 alikuwa anasikia kwa shida, na miaka ya mwisho ya maisha yake, kabla ya kufariki mwaka 1827, karibu hakusikia kitu. Na bado aliandika. Fidla aliisikia wapi? Tromboni aliisikia wapi? Kichwani. Watoto hawakupita mlangoni, mama hakupita mlangoni, mlango wenyewe ulifungwa, na yeye bado aliijua familia nzima.

Mpwa wangu aliziba masikio kwa vidole, akafumba macho, akajaribu. Nilimwona midomo inatembea. Ko-ko-ko-kooo.

"Naisikia," akasema. "Kidogo."

Kidogo kinatosha kuanzia.

Mimi mwenyewe nilikuja kuisikia okestra ya kweli mara moja tu, Nairobi, ukumbini, nimevaa koti lilelile. Nikutajie tofauti? Wakati wa mnong'ono, dabo besi sikuzisikia kwa masikio peke yake. Nilizisikia kwenye ubao wa kiti. Zilipanda mgongoni. Na ile ngoma, du, du, du, haikuwa nyumba ya tatu tena, ilikuwa mle mle. Nilijua kilichokuwa kinakuja. Jirani yangu wa kiti alishtuka tromboni zilipofumuka, mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Redio isingeweza kunipa ule ubao wa kiti. Lakini ni redio iliyonifundisha pa kutabasamu.

Kisha nikarudi Tanga, nikaweka kaseti, nikaogopa kidogo. Nilidhani itakuwa imeharibika, baada ya kuonja kitu chenyewe. Haikuharibika. Nilipofika pale pa dabo besi, spika ikaleta watoto, na mimi nikawaambia, haya, mama yenu namjua, nimemwona kwa macho yangu.

Usiku ule mpwa wangu alitaka tuisikilize yote, toka hodi hadi mwisho. Tukazima feni. Jasho lilitutoka, lakini tulizima. Tukafunga dirisha. Chungu tukakirudisha jikoni kabla bibi hajauliza. Tulipofika pale pa kunong'ona, alinyoosha mkono kuelekea kitufe, nikamshika kidole. Tukangoja. Mbu mmoja alipita. Du. Du. Du. Alinigeukia, macho makubwa.

Nawe ukiupata muziki huu, hata kwenye simu ya harage, ngoja nyumba ilale. Ukifika mahali ukadhani umekwisha, usiguse kitu.

Kaseti ile ninayo mpaka leo. Jina bado haina. Ila upande wa kwanza mpwa wangu amebandika kipande cha plasta nyeupe, na juu yake ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa: USIGEUZE.